Mawe Sitini na Manne ya Mumina

Ukitaka kumuudhi Mumina, mwambie kwamba jiwe ni jiwe tu. Atakutazama kutoka viatuni hadi kofiani, kisha akuulize kama mbuzi wote ni mbuzi tu, na kama wewe na shemeji yako mna akili sawa. Mwanamke huyu wa Bulla Pesa ameponda kokoto kando ya barabara kuu ya Isiolo kwa miaka kumi na tisa. Amelea watoto watatu kwa nyundo tangu mumewe afariki, na bado hajaona mawe mawili yanayofanana.

Kuna jiwe ukiligonga hulia kama sufuria mpya. Hilo ni zima na litakupa kazi. Kuna linalojibu kwa sauti ya debe lililotoboka. Hilo limeoza ndani, hata likipendeza kwa nje. Kuna jeusi zito lililotemwa na moto wa zamani, ambalo lina njia yake ya kupasuka, na ukiikosa njia hiyo litakurushia vipande usoni kwa hasira. Haya yote Mumina aliyajua kwa mkono na sikio. Shule aliionja miaka mitatu tu alipokuwa mdogo kule Kulamawe, na kusoma na kuandika akaja kujifunza ukubwani, kwenye darasa la ngumbaru. Wapita njia hawakuona ujuzi wowote. Waliona mama mwenye vumbi hadi kwenye kope, ameketi chini ya kivuli cha magunia. Asiyekujua hakuthamini, na Isiolo nzima ilikuwa haimjui.

Siku moja gari likasimama mbele ya lundo lake. Akashuka mwanamke mwenye suruali na buti, amebeba jiwe jeusi kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Habari ya kazi, mama?"

"Nzuri, karibu. Unataka lori ngapi?"

"Sitaki lori. Nataka unipasulie hii moja."

Wanawake wa malundo ya jirani wakacheka hadi wakaweka nyundo chini. Mgeni alikuwa Daktari Kanana, mtu wa Meru, mwalimu wa chuo kikuu, daktari wa mawe wala si wa watu. Shida yake ilikuwa hii. Alikuwa na kazi kwenye kilima kimoja mbele ya Kulamawe, kiitwacho Daka Guracha, na alikwenda huko na mashine ya kutoboa miamba. Mashine ile haifanyi kazi bila maji ya kuipoza. Mzee Abdinasir, mwenye kisima cha karibu, alikuja kutazama, akaona madumu mawili yanamiminwa juu ya mwamba, na mwaka wenyewe ulikuwa wa ukame. Akauliza swali moja tu: "Mbuzi yangu imelala na kiu, na nyinyi mnanywesha jiwe?" Mashine ilirudishwa ndani ya gari saa hiyohiyo, na hakuna aliyethubutu kuitoa tena. Tangu hapo walikuwa wakitumia nyundo, na kila jiwe walilohitaji lilivunjika vipandevipande mikononi mwao.

Mumina alilipokea jiwe, akaligeuza mara tatu, akaligonga kidogo, akainamisha sikio. Akaweka tindo mahali ambapo hapakuwa na dalili yoyote ya ufa. Akapiga mara mbili. Kipande cha ukubwa wa nusu mkate kikaachana na jiwe, safi, kana kwamba kilikuwa kikingoja kuitwa.

"Aki huyu mathe ni noma," akasema kijana mrefu aliyekuwa ndani ya gari. Huyo alikuwa Gitobu, aliyekuwa akisomea shahada ya pili chini ya Daktari Kanana, na ndiye aliyevunja mawe mengi kuliko wote.

Basi Mumina akaajiriwa. Majirani walisema yao, kwamba mjane wa Kiislamu anakwenda porini na watu asiowajua kutafuta mawe, kana kwamba mawe yameisha Isiolo. Bintiye Ruweida, aliyekuwa akisomea uuguzi, alimfungia begi mwenyewe. Akamwambia, "Nenda Mama. Wakikudharau, rudi." Mumina akajibu kwamba wakimdharau hatarudi, atawapiga nyundo.

Kambini, jioni ya kwanza, Mumina aliuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza: nyinyi mawe haya mnayapeleka wapi, na yana nini? Daktari Kanana aliweka kikombe cha chai chini. Alikuwa mwalimu kwelikweli, wa wale wasiochoka kuulizwa.

"Mama Ruweida, hii jiwe zamani ilikuwa uji wa moto. Ilipopoa, vyuma vidogo vidogo ndani yake viliangalia kaskazini ya siku ile, vikaganda hivyo. Ardhi ikigeuka baadaye, jiwe inageuka nayo, lakini inakumbuka. Sisi tunaenda kuiuliza."

"Na ikisha kukumbuka, ni faida gani?"

Daktari akacheka, akaanza kuchora mchangani. Yeye na wenzake walikuwa wakiiandika upya historia ya bahari iliyo kati ya pwani yetu na Madagaska. Zamani za kale, kabla ya mtu na kabla ya ngamia, Madagaska ilikuwa imeshikana na upande huu. Ardhi ikanyooka, ikapasuka, moto ukapanda kwenye nyufa, maji yakaingia, na kisiwa kikateleza kwenda kusini. Huku kwetu nako ardhi ilianza kuchanika. Likatokea bonde refu kutoka upande wa Lamu hadi karibu na Turkana, likazama, likajaa mchanga na matope, kisha likakoma. Lau lingeendelea kufunguka, bahari ingefika mpaka hapa walipokuwa wamekaa.

"Kwa hivyo saa hii ningekuwa nauza samaki?" Mumina akauliza.

"Ama unaponda matumbawe," akajibu Ekaale, dereva wao Mturkana, na wote wakacheka.

Kuna wenzao waliokuwa melini wakipima sakafu ya bahari. Lakini kusoma sakafu ya bahari peke yake ni kama kusikiliza ugomvi wa nyumbani kwa mdomo wa mume tu. Upande wa pili wa habari ulikuwa nchi kavu, na sehemu yake ilikuwa kwenye Daka Guracha. Kilima kile kilikuwa na tabaka za lava zilizolaliana kama chapati kwenye sahani, za chini za mwanzo, za juu za mwisho. Za juu kabisa ndizo zingesema kama ardhi hii ilikuwa bado inazunguka wakati moto ulipozima, au ilikuwa imekwisha kutulia. Mumina alilala na mawazo hayo, na asubuhi alipopanda kilimani alikanyaga mwamba kwa adabu zaidi.

Kazi yenyewe ilikuwa na mwiko mmoja. Jiwe halitolewi kabla ya kuchorwa mshale. Unalaza kibao juu ya mwamba, unapata kaskazini, unachora mshale juu ya jiwe likiwa bado mahali pake, ndipo tindo inaingia. Jiwe likitoka bila mshale, au mshale ukiwa umechorwa ovyo, ni kokoto tu. "Uchafu wa radi maabara inaweza kusafisha," Daktari Kanana alizoea kusema. "Mshale mbaya haina sabuni." Kaskazini waliipata kwa kivuli cha kijiti kwenye kibao cha jua, kwa kusoma saa na kupiga hesabu kutoka kwenye kitabu. Dira walikuwa nayo, ila Daktari hakuiamini mbele ya mawe meusi.

Wiki tatu zikapita hivyo. Daktari na Gitobu walipima, Mumina akapasua, Ekaale akabeba. Kila jioni Mumina alikuwa na fahari ya kimyakimya alipoyaona mawe yamepangwa na namba zake, hata moja halijavunjika. Halafu Daktari akalazimika kwenda Nairobi kupanga safari ya mawe, kwa kuwa yalitakiwa kuondoka Ijumaa ya wiki hiyo. Yalibaki ya juu tu, sitini na manne. Siku ya pili baada ya kuondoka kwake, Gitobu akakanyaga jiwe lililolegea, akaanguka, kifundo cha mguu kikavimba kama boga.

Ekaale alimbeba mgongoni hadi garini. Gitobu, uso wote jasho, alimshikisha Mumina dira na daftari. Kitabu cha hesabu za kivuli asingeweza kumfundisha mtu kwa dakika tano huku anauma meno.

"Mathe, tumia hii tu. Unaweka kwa jiwe, hii nyekundu inaonyesha north, unachora. Hizo ndizo za maana. Usiache hata moja."

Gari likaondoka, na mtandao wa simu haukuwepo. Mumina alibaki na kilima. Watu wenye shahada walikuwa wamemwachia kazi yao iliyo ya maana kuliko zote, yeye, mponda kokoto, na hakuna mtu wa kumuuliza. Aliogopa, ndiyo. Lakini pia alijisikia mrefu.

Alipanda, akalaza kibao, akaweka dira juu ya mwamba wa kwanza. Sindano ikaelekea upande wa kisima. Akasogea hatua tatu hadi mwamba wa pili, sindano ikazunguka ikaelekea kule gari lilikopotelea. Kwenye mwamba wa tatu ikatikisika kama mlevi asiyejua mlango wa nyumba yake. Mumina akaitazama dira, akautazama mwamba. Hakujua kwamba ule uchafu wa radi ni sumaku ambayo radi huutia mwamba ikiupiga. Alichojua ni kwamba kaskazini haihami kila mtu anaposogea hatua tatu. Akaifunga dira ndani ya leso na kuitia begini.

Chini ya kilima, karibu na njia ya mifugo, kuna msikiti wa wafugaji. Usidhani una paa. Ni mstari wa mawe uliopangwa ardhini, mraba mmoja na kijisehemu kilichotokeza mbele kuonyesha kibla, kama wanavyofanya wachungaji kila wanapozoea kupumzika. Umepangwa zamani, mawe yamezama nusu. Mumina alikuwa akiswali hapo tangu siku ya kwanza, na alikuwa amekwisha kuona kwamba ukisimama katikati ukaelekea kibla, uso wako unalenga moja kwa moja pengo la mlima wa mbali sana kule upeoni, pengo kama la jino lililong'oka. Na kutoka juu ya kilima, pengo lile linaonekana vilevile.

Kwa Mumina, kibla na kaskazini vilikuwa kitu kimoja. Ndivyo kila mtu aliyemjua alivyosema na kutembea maisha yote: ng'ombe wamepelekwa kibla, mvua imetokea kibla. Hakuna aliyewahi kumwambia tofauti, na hata yeye hakuwahi kuwa na sababu ya kuuliza. Akalaza kibao, akalenga ukingo wake kwenye pengo, akafunga jicho moja kama fundi anayepima ukuta, akachora mshale. Kisha akafanya lile ambalo wapondaji wa Bulla Pesa hufanya bila kufikiri: akachonga alama ileile kwenye jiwe mama, ule mwamba unaobaki jiwe likitolewa. Mjini hufanya hivyo ili jirani asije kesho akadai mwamba ni wake. Kilimani hapakuwa na jirani, lakini mkono una mazoea yake.

Kwa siku mbili alitoa mawe sitini na manne. Ekaale aliporudi alikuta yamefungwa kwa magazeti, yamepangwa kwa namba, na Mumina anapika maharagwe akiimba.

Miezi minane ikapita. Mumina alirudi kwenye lundo lake, na habari za bahari akawasimulia wenzake hadi wakamchoka. Ndipo siku moja gari lilelile likasimama. Daktari Kanana akashuka, na nyuma yake akashuka mwanamume wa makamo, mwenye miwani na maneno machache, ambayo mengi yake ni "hapana". Huyo alikuwa Profesa Rimberia, mkuu wa mradi wote. Mkononi alikuwa na orodha ndefu, na chini yake mistari mingi ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu.

"Mama Ruweida, kuna shida na mawe ya juu," Daktari akaanza.

"Imevunjika?"

"Haijavunjika. Zote zinasema kitu kimoja. Lakini zimekaa kando kidogo na zile zingine. Kama digrii sita."

Profesa hakuzunguka mbuyu. "Ama ardhi ya hapa iligeuka digrii sita, ama wewe ulikosea. Daktari anasema ardhi iligeuka. Mimi nimeangalia fomu. Kwa nafasi ya aliyeweka alama, Gitobu ameandika 'mama wa kokoto'. Huyo si mpimaji. Nimezifuta, labda unipe sababu."

Nyundo za jirani zikanyamaza. Mumina aliitazama ile mistari myekundu. Sitini na manne, kila moja alilisikiliza kabla ya kuligonga, na sasa mtu ameyapiga mstari kama deni la duka lililolipwa.

Daktari Kanana alimtazama kwa macho ya kuomba. Alikuwa amekwisha kuandaa mhadhara mzima juu ya ardhi iliyogeuka digrii sita, na jambo hilo lingekuwa habari kubwa kwa wasomi wa bahari ile. "Ulitumia dira, na ilitulia, sivyo?"

Ilikuwa rahisi kuitikia. Neno moja tu, na Daktari angefurahi. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na Mumina hakutaka kuipita kwa ajili ya mtu yeyote, hata huyu aliyempenda.

"Sikutumia. Dira yenu ilikuwa imelewa. Nilitumia kibla."

Profesa akavua miwani. "Kibla."

"Eeh. Kibla."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Miaka minne ya kazi, daktari. Na mawe ya maana yamepimwa kwa sala."

Mumina akasimama, akakung'uta vumbi kwenye buibui lake. Wanaomjua waliona nyundo bado iko mkononi wakaanza kuogopa.

"Prof, nisikize. Kila jiwe nilitoa, niliacha alama yake kwa jiwe mama. Iko huko mpaka leo. Twende kilimani. Ukipata hata moja inaangalia pande yake, si pande ya wenzake, futa zote, na mimi sitasema kitu. Ukikosa, hutafuta hata moja."

"Sawa," akasema Profesa. Lilikuwa jibu lake la kwanza lisilo "hapana", na Daktari Kanana alionekana kushtuka.

Kesho yake asubuhi walikuwa juu ya Daka Guracha. Profesa alianza kwa dira, maana alitaka kuona ulevi huo kwa macho yake. Akaiweka kwenye mwamba mmoja, akasogea, akaiweka kwenye mwingine. Akairudisha mfukoni. Kisha akatoa kibao cha jua, akasoma saa, akasoma kivuli, akapima alama ya kwanza ya Mumina.

"Sita," akasema.

Ya pili, sita. Ya tatu, tano na nusu. Ya nne, sita. Zote zimelala kidogo upande wa mashariki, kwa kiasi kilekile. Mumina alikuwa akimwonyesha moja baada ya nyingine. Hakuhitaji orodha, aliyakumbuka mawe yake kama mtu anavyokumbuka nyumba za mtaa wake. Kufika la ishirini, Profesa aliacha kutaja namba, akawa anaandika tu. Kufika la arobaini alikuwa amekunja suruali na kutambaa kwa magoti kwenye mwamba wa moto, miwani imeteleza puani. Mumina alimletea maji, akayanywa bila kunyanyua kichwa. La sitini na nne lilikuwa ukingoni kabisa, pahali ambapo mwenye kizunguzungu hafiki. Alilala kifudifudi akalipima.

"Sita," akasema, akabaki amelala pale.

"Umepata moja inaangalia pande yake?" Mumina akauliza.

"Hapana." Mara hii lilikuwa neno tamu.

Profesa akaketi. Akataka kuelezwa yote, pole pole, tangu mwanzo. Mumina akamwonyesha msikiti wa mawe kule chini, na pengo la mlima kule mbali, na jinsi alivyolenga ukingo wa kibao. Daktari Kanana alikuwa ametoa simu, anapiga hesabu, midomo inacheza. Halafu akaziba mdomo kwa kiganja.

"Prof. Kutoka hapa, Makka haiko kaskazini kabisa. Iko mashariki ya kaskazini kidogo. Digrii karibu sita."

Mumina alikuwa amesikia tu kwamba Makka haiko kaskazini, na hilo lilimshtua.

"Kwani kibla imekosea?"

"Hapana, mama," akasema Profesa. "Kibla iko sawa kabisa. Ni kaskazini ndiyo iko kando."

Akautazama tena ule mraba wa mawe kule chini, yaliyozama nusu ardhini. Waliopanga mawe yale hawakuwa na dira, wala kitabu cha hesabu, wala simu, na walikuwa wamelenga bila kupotea hata digrii moja. Alitingisha kichwa kama mtu aliyekuta mgeni wa heshima amekaa jikoni. Kisha akawa mwalimu tena. Kosa likiwa moja mara sitini na nne, alisema, unalitoa tu. Ondoa sita kwa kila jiwe, na mawe yote ya juu yanakaa pamoja na yale ya chini yake, sawasawa. Tena yamekaa vizuri kuliko mengine yote ya kilima, kwa sababu yalipimwa na jicho moja lisilobadilika.

"Kwa hivyo ardhi haikugeuka," Daktari Kanana akasema taratibu.

"Haikugeuka. Moto wa mwisho ulipotoka, ardhi ilikuwa imetulia. Bonde lilikuwa limekata tamaa na bahari."

Mhadhara wa Daktari ulikufa pale pale juu ya mwamba. Alikaa chini, akaguna, kisha akaanza kucheka, na machozi yakamtoka. Akamvuta Mumina, akamkumbatia na vumbi lake lote. "Ungeniitikia tu jana, ningesimama mbele ya dunia nzima niseme uongo," akamwambia. Mumina alimpapasa mgongo. Alikuwa na furaha. Mawe yake yalikuwa mazima. Katika habari za bahari nzima, kurasa za mwisho za huku nchi kavu zilikuwa zimetoka mikononi mwake.

Wakati wa alasiri ulikuwa umeingia. Mumina aliteremka peke yake, akatawadha kwa maji kidogo ya dumu, akaingia ndani ya mraba wa mawe na kuelekea pengo la mlima. Aliomba kwa utulivu, hakuharakisha kwa ajili ya mtu.

Alipotoa salamu alimkuta Profesa Rimberia amesimama nje ya mstari wa mawe, juani, kofia mkononi. Hakukanyaga ndani. Inaonekana alikuwa amengoja hapo muda wote, na Ekaale kule garini alikuwa akitazama kama mtu anayeona ajabu.

"Mama," akasema, akafungua orodha. Mistari myekundu ilikuwa bado ipo, lakini pembeni ya kila mmoja alikuwa ameandika upya namba, moja baada ya nyingine. "Ile nafasi ya aliyeweka alama. Nataka kuandika vizuri. Jina lako kamili ni nani?"

"Mumina Umuro Tari."

Akaandika. Mumina akanyoosha mkono, akaichukua karatasi, akasoma mwenyewe, herufi kwa herufi, kidole kikifuata wino. Akamrudishia.

"Umeandika Mumina Umuro. Weka na Tari."

"Mawili yanatosha kwa fomu, mama."

"Weka," Mumina akasema, na akainama akagusa jiwe lililotokeza mbele ya msikiti. "Tari ni babu yangu. Yeye na ndugu zake ndio walipanga hii mawe."

Profesa alilitazama jiwe, akaitazama karatasi. Akaiweka juu ya goti, akafungua kalamu tena, na akaandika Tari.